Je, Wajua? Chuma, Kahawa na Mvua za Lweru

Asubuhi ya Aprili, mtu wa Kashai haamshwi na jogoo. Huamshwa na mabati. Mvua hutoka upande wa ziwa kabla jua halijachomoza, ikapiga paa kwa paa, na mpaka watoto wavae sare za shule, barabara za mitaani zimeshageuka vijito. Safu ya leo ni ya hapo: ni ya Kashai, ya Bukoba yote, na ya ndugu zetu wa Muleba ng'ambo ya Kemondo. Nimeiandika nikiwafikiria vijana wanaovuka Mto Kanoni kila siku na kuona maji tu.

Je, wajua kwamba Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kabisa Tanzania? Kwa mwaka hunyesha karibu milimita 2,000. Sababu ni ziwa lenyewe. Upepo wa mashariki husafiri juu ya maji kilomita nyingi ukibeba unyevu, kisha hugonga ufuko wetu wa magharibi na miinuko yake, na mzigo wote hushushwa hapo. Ukisafiri bara kuelekea Karagwe, mvua hupungua haraka mpaka kukaribia nusu. Kwa hiyo matope ya Kashai hayana mchawi: sisi ndio tuliojenga mahali pa chini, karibu na mto, chini ya mawingu ya ziwa kubwa. Mto Kanoni ukifurika, huingia ndani bila hodi.

Je, wajua kwamba wanajiolojia wana jina la kitaalamu lililotokana na mji huu? Miamba ya zamani sana ya magharibi mwa Tanzania, yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, waliipa jina la Bukoban. Magenge ya mawe ya mchanga unayoyaona nyuma ya mji na kando ya barabara ya Muleba ni sehemu yake.

Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo wengi hawalijui. Ardhi ya Buhaya kwa asili si tajiri. Mawe ya mchanga yakisagika hutoa udongo hafifu, na mvua nyingi kiasi hicho huosha rutuba na kuipeleka chini kabisa. Ukitaka kuiona ardhi jinsi ilivyokuwa, tazama rweya, ile mbuga ya majani iliyo wazi kati ya kijiji na kijiji. Sasa ingia kwenye kibanja: udongo mweusi, laini, wenye joto, migomba imesimama kama nguzo na kahawa chini yake. Tofauti hiyo ilitengenezwa na mikono. Kwa vizazi na vizazi watu walikata majani ya rweya wakayatandaza chini ya migomba, wakabeba samadi ya ng'ombe, maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, kila kitu kikarudishwa shambani. Sotoka ilipofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, vibanja navyo vilipata pigo, kwa kuwa samadi ilikatika. Mtu anayesema Wahaya walibahatika kupewa ardhi nzuri anawanyima haki yao. Ardhi ile waliitengeneza.

Je, wajua kwamba ndizi ya kupika si jina moja? Kibanja cha mzee anayejua kazi kina Nshakala, kina Enyoya, kina Embire ya kukamulia pombe, kina gonja, kina bogoya ya kula ikiiva. Anayezijua huzitambua kwa rangi ya shina na mkao wa mkungu bila kuonja. Pombe yenyewe, rubisi, hutengenezwa kwenye hodhi la mti lililochongwa mfano wa mtumbwi: ndizi zilizoiva hukanyagwa kwa miguu pamoja na majani mpaka maji yatoke, kisha huwekwa mtama uliokaangwa, hufunikwa, na kuachwa mpaka ichemke yenyewe.

Je, wajua kwamba mnyauko wa migomba ulibainika Tanzania kwa mara ya kwanza wilayani Muleba, katikati ya miaka ya 2000? Ni ugonjwa wa bakteria. Majani hunyong'onyea na kuwa ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina hutoka ute wa njano. Wadudu huubeba kutoka kwenye ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine, na panga nalo huubeba. Ndiyo maana wataalamu, wakiwemo wa kituo cha utafiti cha Maruku, husisitiza ua dume livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Kijiti hicho hakinunuliwi dukani. Kimeokoa vibanja vingi kuliko dawa yoyote, na bado wapo wanaoona uvivu kukitumia.

Tuje kwenye kahawa. Je, wajua kwamba Wahaya walikuwa na kahawa kabla Mjerumani hajafika? Hawakuinywa. Waliitafuna, na mpaka leo tunaitafuna. Buni huchumwa kabla hazijaiva sana, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa na kukaushwa kwa moshi mpaka ziwe nyeusi na ngumu. Hiyo ndiyo akamwani. Mgeni akiingia nyumbani, kabla hujamuuliza shida iliyomleta, unamletea kikapu kidogo, naye huchukua punje chache. Ukiipasua kwa meno, kwanza unakutana na ganda lenye uchungu wa moshi, halafu harufu ya yale majani inapanda puani, halafu ladha inatulia na kukaa mdomoni muda mrefu. Wasafiri huinunua ikiwa imefungwa kwenye vifuko vya magome makavu ya mgomba. Nimemwona mama mmoja stendi akivifunga: anakunja gome, anapitisha uzi wa mgomba huohuo mara mbili, anakaza kwa meno, kifuko kimekwisha. Hakuna plastiki inayoingia hapo.

Je, wajua kwamba buni moja iliweza kuwafanya watu wawili wawe ndugu? Ndani ya tunda la kahawa kuna punje mbili zilizolala kifua kwa kifua. Katika kiapo cha undugu wa damu, omukago, kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, akaipaka punje yake damu, na mwenzake akaimeza. Kuanzia hapo, kumsaliti mwenzako kulikuwa sawa na kumsaliti mtoto wa mama yako.

Je, wajua kwamba mji wetu uliingia hata kwenye jina la kisayansi la kahawa? Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa mimea aitwaye Zimmermann aliiita kahawa ya huku Coffea bukobensis. Baadaye wataalamu waliiunganisha na robusta ya kawaida, Coffea canephora, na jina la Bukoba likabaki katika orodha ya majina ya zamani.

Wakati wa Wajerumani na baadaye Waingereza, buni ya kutafuna ikawa zao la kuuza ng'ambo, na wakulima hawakukaa kimya wakipangiwa kila kitu. Mwaka 1937 kulizuka ghasia Bukoba, watu wakipinga kanuni za serikali kuhusu namna ya kutunza mibuni yao wenyewe. Kutoka kwenye vuguvugu la miaka hiyo walikuja kuwa na chama chao cha ushirika, ambacho leo ni KCU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na miaka ya 1980 vikarudishwa. Na lile kopo la kahawa ya kuyeyuka lenye jina TANICA ambalo huenda umelikuta hoteli ya Dar es Salaam au Arusha? Kiwanda chake kipo hapa Bukoba tangu miaka ya 1960, na KCU ina hisa ndani yake. Kahawa nyingi ya nchi hii huondoka ikiwa punje mbichi na kurudi kwa bei ya watu wengine. Kiwanda hiki kimoja kiliikatalia kawaida hiyo, nami nakiheshimu kwa hilo.

Sasa, kama ningeruhusiwa kuwaambia watoto wa Kashai jambo moja tu, ningechagua hili.

Je, wajua kwamba karibu miaka 2,000 iliyopita watu wa ufuko huu walikuwa wakifua chuma, na kwamba walijua kutengeneza chuma cha pua? Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka, upande wa Maruku, na Kemondo, kusini mwa mji. Aliongozwa Katuruka na masimulizi ya wazee kuhusu mfalme Rugomora Mahe, ambaye inasemekana alitaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Wazungu wengi wangeyasikia masimulizi hayo na kutabasamu. Schmidt alichimba pale wazee walipomwonyesha, akakuta mavi ya chuma, vipande vya tanuri na mirija ya udongo, kutoka enzi za kale mno kuliko enzi za mfalme mwenyewe. Wazee walikuwa wameitunza habari ya mahali pale kwa ulimi tu.

Halafu likafuata la pili. Wazee waliokuwa wamefua chuma ujanani, kabla chuma cha bei rahisi kutoka Ulaya hakijaua kazi yao, waliombwa wajenge tanuri tena. Ilikuwa imepita miaka 50 hivi. Walichimba shimo, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu kwa sababu unastahimili moto. Walikata matete ya kinamasi wakayachoma ndani ya shimo mpaka yakawa mkaa. Walijenga juu yake mnara mfupi, wakapanga mivukuto kuzunguka, na mirija ya udongo wakaiingiza ndani kabisa ya tanuri badala ya kuiishilizia mlangoni. Majaribio ya mwanzo hayakwenda vizuri. Mikono ilikuwa inakumbuka taratibu. Kisha ikakumbuka. Joto lilipopimwa lilipita nyuzi 1,800, na katika kilichotoka kilikuwemo chuma cha pua. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika habari hiyo mwaka 1978 katika jarida la Science, wakaeleza kwamba hewa ilipata joto ndani ya ile mirija kabla ya kufika kwenye moto, na kwamba mkaa wa matete uliupa chuma kaboni yake. Wapo wataalamu waliobishana nao kuhusu hilo la hewa kupashwa joto, na ubishi ni haki ya sayansi. Lakini hakuna aliyebisha kwamba wazee wale walifua chuma mbele ya macho ya watu, kwa udongo, matete na pumzi ya mivukuto.

Fikiria kinamasi unachokiruka ukienda sokoni. Matete yale yale.

Je, wajua kwamba Bwanjai, upande wa Kiziba, kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu kwenye mawe? Ipo. Wachache wamekwenda kuitazama.

Je, wajua kwamba Buhaya haikuwa na mfalme mmoja? Palikuwa na Kiziba, Kyamtwara, Kianja, Bugabo, Maruku, Missenyi, na Ihangiro ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Muleba ya leo. Jirani yao Karagwe ilikuwa na Mukama wake Rumanyika, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Wajerumani walipokuja waliona ni nafuu kutawala kupitia wafalme hao, Abakama, kuliko kuwaondoa, na Bukoba ikawekwa chini ya mwakilishi mkazi wa Kijerumani, mtindo uliotumika pia Rwanda na Burundi. Utawala wa machifu ulikoma nchini mara baada ya uhuru, na sheria za 1965 na 1968 zikaumaliza nyarubanja, mfumo uliomfanya mkulima awe mpangaji katika kibanja alichokilisha samadi maisha yake yote. Kwa maoni yangu hilo la nyarubanja ni tendo kubwa zaidi katika historia yetu kuliko vita vyote vitakavyotajwa hapa chini, na halisimuliwi hata kidogo.

Je, wajua nani aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba? Ni Emin Pasha, mwaka 1890. Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, daktari aliyezaliwa Silesia, akatumikia serikali ya Misri kule Sudan. Miaka miwili baadaye aliuawa Kongo.

Na je, wajua kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa hapa hapa? Tarehe 21 Juni 1915 Waingereza waliondoka Kisumu kwa meli, wakateremka kaskazini ya mji, na kupigana na Wajerumani vilimani na kwenye vinamasi mpaka tarehe 23. Walichokitaka kilikuwa mnara wa simu ya upepo, uliowawezesha Wajerumani kupashana habari kuvuka ziwa. Waliuangusha, wakaupora mji, wakapanda meli kurudi. Miongoni mwao alikuwemo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mwenye umri wa miaka 63, ambaye jina lake baadaye lilipewa pori la akiba kusini mwa nchi. Wenyeji waliokota mabaki ya vita ambayo haikuwa yao.

Vita ya pili iliyotufika ilikuwa yetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Katika vita hiyo majeshi yetu yaliiteka Kampala, Aprili 1979. Mkoa wetu, ulioitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto ule. Je, wajua kwamba wanajeshi wetu wengi waliokufa wamelala Kaboya, wilayani Muleba? Makaburi yao yamepangwa safu kwa safu. Ukipita barabara ile, simama.

Muleba ina mambo. Je, wajua kwamba tarehe 30 Januari 1962, Kashasha, katika shule ya bweni ya wasichana, wanafunzi watatu walianza kucheka na hawakuweza kuacha? Kicheko kiliwaambukiza 95 kati ya wanafunzi 159. Kiliwashika kwa saa chache, wengine kwa siku 16, kikichanganyika na kilio na kukimbiakimbia. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudi kwao kikaenda nao, kikafika Nshamba ambako watu 217 walipatwa, kikafika na shule za karibu na Bukoba. Madaktari Rankin na Philip walipima damu na chakula, hawakukuta sumu wala kijidudu. Duniani kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Mimi sikioni hivyo. Uhuru ulikuwa na umri usiotimia miezi miwili, watoto wa kike walikuwa mbali na mama zao, chini ya nidhamu kali, na mioyo yao ilitafuta mlango wa kutokea. Walikuwa wanaumia.

Je, wajua kwamba kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi alizaliwa Muleba? Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo mwaka 1912, alitangazwa na Papa Yohane wa XXIII mwaka 1960. Alifariki Desemba 1997, naye amelazwa katika kanisa kuu la Bukoba. Na Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, Askofu Josiah Kibira, kuanzia 1977, naye ni mtoto wa Buhaya. Ulutheri wenyewe huku uliletwa kwanza na Wahaya walioipata imani Uganda, kabla wamisionari hawajafika.

Turudi majini. Je, wajua jina la ziwa hili kabla Speke hajalipa jina la malkia wake mwaka 1858? Wahaya huliita Lweru. Katika imani ya kale lina mwenyewe: Mugasha, mwenye dhoruba, mvua na mawimbi. Wavuvi wa zamani hawakuingia majini bila kumkumbuka.

Ziwa hili lina takriban kilomita za mraba 68,800, ni la pili duniani kwa upana kati ya maziwa ya maji baridi, ila si la kina: penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Miaka 15,000 hivi iliyopita lilikuwa limekauka. Tangu lijae tena, mamia ya aina za furu yalizaliwa ndani yake kwa kasi ambayo wanasayansi wa viumbe bado wanaistaajabia. Miaka ya 1950 akapandikizwa sangara, na miaka ya 1980 akawa ameenea kila pembe. Aina zinazokadiriwa kufika 200 za furu zikatoweka. Sangara amejenga viwanda na nyumba za mabati mapya. Furu hana wa kumlilia. Naandika haya nikijua kwamba nami nimelishwa na sangara.

Je, wajua kwamba Mto Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote unaoingia ziwani, na vijito vyake vya Rwanda na Burundi huhesabiwa kuwa chanzo cha mbali kabisa cha Nile? Tone linalopita Kyaka leo linaweza kufika Misri. Magugumaji nayo hufuata njia hiyohiyo, mto ukiyamwaga ziwani mwaka baada ya mwaka.

Je, wajua kwamba Muleba ina visiwa vyenye vijiji kamili, Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe, na kwamba upande wake wa bara inagusa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 4,700? Na kaskazini, msitu wa Minziro una ndege wa misitu ya Kongo ambao hawaonekani kwingine kokote Tanzania. Watu hutoka Ulaya na darubini kuja kuwatazama.

Meli ya MV Victoria, je? Iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa meli na treni hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Imebeba ndizi, wanafunzi, maharusi na maiti zetu kwa zaidi ya nusu karne, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020.

Tarehe 21 Mei 1996 hatuhitaji kuulizana. MV Bukoba ilitoka hapa, ikapakia tena Kemondo, ikazama asubuhi ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Ilijengwa kwa abiria 430. Waliokufa ni mamia, idadi ya kweli hakuna aliyeihesabu kwa sababu wengi hawakuwa kwenye orodha. Wengine wamezikwa Igoma, Mwanza. Na tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipotumbukia ziwani ikijiandaa kutua uwanja wetu, watu 19 walifariki na 24 wakapona. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao na makasia yao. Watu wa ziwa hawasubiri kuitwa.

Tetemeko la 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba kwa maelfu na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Watu 17 walithibitishwa kufa siku zile.

Niseme la furaha pia, maana mji huu si wa misiba. Je, wajua kwamba mwezi wa Novemba Waganda huuita kwa jina la senene? Hapa kwetu wadudu hao wa kijani huja na mvua, Novemba na Desemba, na tena kidogo Aprili na Mei. Usiku unawashwa taa kali, mabati yanasimamishwa juu ya mapipa, majani mabichi yanachomwa yatoe moshi, na senene wanagonga bati na kuteleza pipani kwa sauti kama ya mchele unaomwagwa. Asubuhi familia nzima inakaa barazani kuwanyonyoa mabawa na miguu. Kidole gumba kinajua njia: bawa, bawa, mguu, mguu, tupa bakulini. Hawahitaji mafuta, wakipata moto hutoa yao wenyewe, ukaongeza chumvi na kitunguu. Anayesafiri kwenda Dar es Salaam bila kubeba senene ataulizwa na ndugu zake kama kweli ametoka nyumbani.

Je, wajua kwamba mwaka 2001 nchi nzima iliimba Kihaya bila kukielewa? Saida Karoli alitoka kijijini Bukoba na wimbo wake wa "Maria Salome", na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaufufua. Kabla yake, kwa karne nyingi, palikuwa na wapiga enanga: zeze la ubao wenye mvungu, kamba ikipita mara saba au nane, na mpigaji akisimulia usiku kucha habari za mashujaa na za Mugasha mwenyewe. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizirekodi na kuziandika tendi hizo wakati wapigaji bado walikuwapo.

Wapigaji wa leo wanahesabika. Wale wazee waliojenga tanuri miaka ya 1970 tumeshawazika. Kwa hiyo, msomaji wangu wa Kashai, mwisho wa mwezi ukipanda gari kwenda kijijini, Maruku, Kamachumu, Nshamba au kokote kwenu, ingia kibanjani na bibi yako. Mwonyeshe mgomba mmoja baada ya mwingine, muulize jina la kila mmoja, na uyaandike yote kabla hamjatoka.